Baiskeli Isiyoshika Breki

Mwaka niliohamishiwa shule ya msingi iliyo karibu na ziwa, tulikuwa tumepanga nyumba mlimani, Ilemela, kwenye mawe makubwa kuliko nyumba zenyewe. Kwa miguu nilitumia karibu saa nzima, basi nikanunua baiskeli ya mtumba. Muuzaji aliisifia gia. Sikuuliza habari za breki.

Zilikuwa breki za mtindo wa zamani: mikono miwili ya chuma, mmoja kila upande wa gurudumu, imeunganishwa na waya mfupi unaopita juu ya tairi. Ukibana kwenye usukani, waya mrefu unauvuta ule mfupi katikati, na mikono inazikandamiza raba zake kwenye ringi, ule mduara wa chuma wa gurudumu. Zangu ziligusa ringi kama mtu anayekupa mkono huku hakutaki. Fundi wa mtaani alikaza waya mara mbili. "Zitashika tu, mwalimu," akasema. Hazikushika. Niliteremka nikiburuza viatu chini, hadi mume wangu akaniuliza kama naendesha baiskeli au soli.

Asubuhi moja manyunyu yalikuwa yamepita na ringi zimelowa. Katikati ya mteremko nilibana mpaka vidole vikauma, baiskeli ikazidi kukimbia. Kwenye kona ya chini, upande mmoja palikuwa na jiwe, upande wa pili mama mmoja alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuanika dagaa juu ya nyavu kuukuu. Nikachagua dagaa.

Nilipoinua uso, mama amesimama juu yangu na ufagio mkononi. Nikamwamkia hapo hapo chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, kisha akakumbuka kwamba amekasirika. "Njia yote hii, umeona upite kwa dagaa wangu?"

"Breki hazishiki, mama."

Niliomba nimlipe, hakunisikiliza. Alikuwa ameshaiinua baiskeli, anabana breki huku anaisukuma. Gurudumu likaendelea kuzunguka. Akainama.

"Nani amegusa hapa?"

"Fundi."

"Amekaza waya. Hakutazama." Akaniambia baba yake alikuwa fundi baiskeli Magu, na yeye ndiye aliyemshikia spana tangu utoto mpaka alipoolewa. "Jioni rudi nayo. Sasa okota dagaa."

Niliokota. Siku hiyo darasa la pili lilisoma likiwa limeziba pua.

Jioni nilimkuta na spana tayari. Kwanza alisugua ringi kwa kitambaa cha sabuni, kikatoka cheusi. Akafungua raba, akanionyesha jinsi zilivyong'aa.

"Imekuwa kioo hii. Kioo kinashika nini?"

Akazikwangua kwa msasa mpaka zikarudi kuwa raba. Wakati wa kuzifunga alibana kipande cha boksi kwenye ncha ya nyuma ya kila moja, ili ncha ya mbele itangulie kugusa ringi. Hapo breki hailii. Kisha akashika kichuma kinachounganisha nyaya mbili, kilichokuwa kimening'inia juu sana.

"Kikikaa huku juu, mikono inavutwa kwenda juu tu. Kikishuka karibu na tairi, inavutwa ikumbatiane. Nguvu iko hapo." Akakishusha. "Lakini sasa raba zitakaa karibu na ringi, na ringi yako inacheza."

Akazungusha gurudumu taratibu, akikaza spoku hapa, akilegeza pale, mpaka likapita katikati ya raba bila kugusa. Halafu akanipa spana.

"Ya nyuma funga mwenyewe."

Nilifunga vibaya. Akafungua yote, akasema nianze tena. Mara ya tatu hakufungua kitu, nikajua nimepatia.

Wakati wa kuijaribu hakuniruhusu nianzie juu ya mlima. Nilianzia kwenye mpapai, si mbali. "Ya mbele usiibane kwa ghafla, itakurusha," akapaza sauti. Nikateremka, nikabana taratibu, na baiskeli ikatii. Ikasimama kabisa, mguu wangu haujagusa ardhi bado. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Nilipomrudishia spana hakuipokea. Alikuwa anaitazama baiskeli.

"Hebu niione," akasema. Tangu aolewe hakuwahi kupanda. Akakaza kitenge chake vizuri, akayumba mara mbili, halafu akanyooka na kushika njia ya kando ya ziwa. Wanawake waliokuwa wanakusanya dagaa wakapiga vigelegele. Alikwenda mbali kuliko nilivyotarajia, na aliporudi alisimama hatua moja mbele yangu, jasho linamtoka.

"Zinashika," akasema, kama vile alikuwa na shaka.

Mwezi uliofuata mwalimu mwenzangu alinifuata na baiskeli yake, akiuliza kama fundi wangu anapatikana. Nikampeleka. Sasa ukipita pale Jumamosi utakuta baiskeli mbili tatu zimepinduliwa, magurudumu juu, pembeni ya dagaa, na mama amekaa kwenye kigoda anazungusha gurudumu, jicho moja amelifumba.