Ukurasa Nilioukata kwa Wembe

Siku ile nyumbani kwetu Kaniha tulikuwa wanne, na nawakumbuka wote: mimi, mdogo wangu Deusi, kitinda mimba wetu Konsolata, na mzee Paskali, katekista wa kijiji. Wazazi walikuwa wamefariki, nami niliacha shule darasa la nne ili niwalee wadogo zangu. Deusi alikuwa mgambo, na kesho yake alitakiwa kwenda vitani.

Mwanangu, mzee Paskali alikuwa na daftari. Padri mmoja wa Rulenge alimsomea maandiko ya Wakristo wa kale, yaliyofukuliwa mchangani huko Misri na ambayo hayamo katika Biblia, naye akayaandika kwa Kiswahili. Alitusomea mahali paliposema kwamba waliolipokea neno, kifo hakina nguvu juu yao. Kisha akaniachia daftari nilisome.

Sikulisoma. Nilikata ukurasa ule kwa wembe, nikaushonea ndani ya ngozi ya mbuzi kama hirizi, nikamfunga Deusi mkononi. Akaondoka asubuhi akicheka, akisema risasi zikija wenzake watalala chini, yeye atatembea wima.

Asubuhi hiyohiyo mzee Paskali alikuja kuchukua daftari lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ukurasa uko wapi?"

Nilipomweleza, hakupaza sauti. Alifungua ukurasa uliofuata akanipa. "Soma."

Nilisoma kwa taabu, neno kwa neno. Yalikuwa majina ya watu waliolipokea neno lile, na namna kila mmoja alivyouawa.

"Walikufa wote, binti yangu," akasema. "Kifo kilishindwa kuwafanya wamkane Bwana, basi. Miili yao haikupona. Nawe umemtuma mdogo wako asimame mbele ya risasi."

Alinipa baiskeli yake, nami nikaondoka na daftari. Sijui nilifikaje Lusahunga, mgambo walikokusanyika. Malori yalikuwa yanaunguruma, na Deusi alikwisha kupanda.

"Shuka!" nikamwita. "Nipe hiyo hirizi!"

Wenzake wakaangua kicheko. "Deusi, mama yako amekuja kukunyonyesha!"

"Si mama, ni dada," akajibu kwa hasira. "Dada, unataka nife?"

Nilipanda gurudumu, nikamsomea yale majina mbele yao wote. Nilikwama mara nyingi. Kabla sijamaliza kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Sasa risasi zikija nifanye nini?" akauliza, kwa sauti ya mtoto niliyemlea.

"Lala chini kama wenzako."

Akaikata hirizi, lakini ukurasa akautia mfukoni. "Nitausoma," akasema, na lori likaondoka.

Deusi alirudi akichechemea. Ukurasa alimpa rafiki yake aliyekuwa anakufa, akazikwa nao. Mzee Paskali naye alifariki kabla sijamrudishia daftari, kabla sijajua la kumwambia.

Mwanangu, siku hizi mnapata maandiko mengi ya kale, na kila mtu ana tafsiri yake. Usimkatie mtu mstari mmoja ukamfunga nao mkononi. Geuza ukurasa, uliza walioandika waliishi vipi na walikufa vipi, ndipo useme. Mungu akupe macho ya kusoma hadi mwisho, na mtu wa kukupa baiskeli ukikosea.

Daftari ninalo. Nimelinakili lote, isipokuwa ukurasa mmoja nilioacha mtupu. Huo bado mzee Paskali ananidai.