Giya ya Kukhu

Juzi nilikwenda Kabuchai, nikaikuta giya ya mashine ya miwa ya kukhu, bibi yangu mzaa baba, ikishikilia lango la zizi. Nilitia vidole kwenye tundu lake la katikati. Bado ni laini, ila upande mmoja una ufa. Usinicheke, rafiki yangu: nilichutama pale hadi miguu ikafa ganzi.

Baba alikuwa fundi wa vyuma Kitale, na likizo zangu nilizimalizia kwenye karakana yake. Kutoboa tundu kubwa ilikuwa kazi ya kutwa. Alianza na keekee nyembamba, akapanda kidogo kidogo hadi nene, vumbi jeusi likimwagika mpaka kwenye viatu vyangu, akabakiza unene wa unywele tu. Kisha alingoja. Chuma kikipata moto tundu hutanuka, kikipoa hurudi, na ukipima mapema umepotea.

"Kwanza kipoe, mama," aliniambia mimi bintiye.

Hapo tulifungua chupa ya chai na mahindi ya kuchemsha, naye akanisimulia utoto wake, mambo ambayo nyumbani hakuyataja kamwe. Baadaye alichukua rima, ile fimbo ya chuma yenye meno marefu, akaizungusha kwa mkono polepole ikala ule unywele uliobaki. Mimi nilipenda kule kungoja.

Kukhu alikamua miwa akapika sukari nguru. Harufu ilikupokea barabarani kabla hujaiona nyumba, na sisi watoto tulilamba povu kwenye majani ya mgomba. Msimu mmoja giya ya mashine ikavunjika, baba akaanza kutengeneza nyingine. Lakini miwa ilishakatwa, imelala shambani inachacha, na baba mdogo alikuja Kitale kuisubiri giya akiwa amesimama.

"Si umalize tu, bana? Mama anateseka huko."

Baba hakungoja. Alipitisha rima chuma kikiwa bado na joto, akapima, akaridhika. Chai ilirudi nyumbani chupa imejaa.

Tulipofika Kabuchai giya ilikuwa imepoa, na mhimili wa mashine ukakataa kuingia.

"Turudi nayo Kitale," baba alisema kwa sauti ya chini.

"Ati turudi? Hii itaingia tu." Baba mdogo alishashika nyundo.

Baba angeweza kumzuia. Nadhani aibu ilimfunga mdomo. Giya ikapasuka, na kukhu akaingia jikoni.

Miwa ile waliila ng'ombe. Tanuri la sukari halikuwashwa tena, na shamba likapandwa mahindi. Baba aliendelea na kazi yake, akangoja kila chuma kipoe, lakini hakunisimulia tena. Alikunywa chai akikitazama tu.

Sasa yeye na kukhu hawapo. Masimulizi ya baba yalikuwa yamefika pale alipotoroka shule akalambe povu la sukari, na mwalimu anamfuata nyuma. Inaniuma hadi leo kwamba sikumuuliza kama alikamatwa.