Panga Mbili Nilizozikataa

Upanga wa ukoo wetu ulitutia aibu hadharani. Kwetu Kilwa Kivinje kila bwana harusi wa ukoo hutoka nyumbani ameushika upanga wa babu, na akifika mlangoni kwa wakwe hagongi. Anautikisa. Bapa linatetemeka mpaka ncha, na hiyo ndiyo hodi yake. Katika harusi ya mwisho mpini uliooza ulichomoka, bapa likaanguka vumbini, wakwe wakacheka bila hata kuziba midomo.

Ilipofika zamu ya mtoto wa kaka yangu, anayefanya kazi kwenye gesi Songo Songo na aliyepata mchumba hukohuko, kaka akasema tuachane na upanga, mtoto ashike fimbo nzuri, yaishe. Nikawaka. Nilijua ukiachwa mara moja haurudi tena. Nikamwambia mimi shangazi mtu nipo hai; kama shina la bapa limeliwa na kutu na halishiki tena mpini, upanga utafuliwa mwingine mfano wa ule ule, na hautoki nyumbani mpaka niukubali mimi.

"Haya, hakimu," akasema, na jina likaninasa.

Wa kwanza aliuleta yeye mwenyewe kutoka Dar. Ulikuwa umepinda kama mundu, mpini wa dhahabu ya kupaka, na vijiwe vyekundu vya kioo. Nikamuuliza kama mtoto anakwenda kuoa au kuigiza kwenye runinga. Wa babu ulinyooka, makali pande zote mbili, ncha ya mviringo, mpini mrefu wa kuvikwa ngozi usio na kikingio cha mkono. Akaurudisha huku ananung'unika.

Wa pili nilimwagiza mhunzi wa Miteja, fundi hodari na mbishi, ambaye mapanga yake ndiyo yanayofyeka mashamba ya korosho mpaka Kinjumbi. Nilimpelekea bapa la babu, nikamchorea na umbo lake kwenye karatasi ya kaki. Akafua springi ya lori. Nilipokwenda kuutazama, kwa macho haukuwa na kasoro, hata mifereji ya katikati ya bapa aliipata. Furaha ikanipanda. Kisha nikaushika, mkono ukavutwa chini.

"Fundi, hili panga la shamba."

"Dada, chuma kikiwa kizito mbele ndiyo sifa yake. Hiki kikishuka, kinashuka!"

"Kinamshukia nani? Bwana harusi haendi kufyeka."

Tukaviweka vyuma vyote viwili kwenye mizani ya korosho ya jirani yake, chake kikakizidi cha babu mbali. Bado akabisha. Akaniuliza mwanamke amejulia wapi mambo ya panga. Nikamjibu kuwa wanaume wa kwetu huushika siku ya harusi tu. Wanaousugua kwa mafuta ya nazi, mwaka nenda mwaka rudi, ni sisi. Mkono wangu ulilijua bapa lile unapoanza wembamba wake na unapoishia. Akanuna. Halafu akalichukua bapa la babu, akalitikisa, akalitazama linavyotetemeka. Akautikisa na wake. Ukakaa kimya kama mti. Akaenda kuchochea moto.

Safari iliyofuata alinipa upanga mwembamba kama ulivyotakiwa. Nikautikisa, ukatetemeka mpaka nikaipoteza ncha machoni. Nikapiga kigelegele mle mle bandani mwa mhunzi, peke yangu, na sikuona haya.

Lakini kukubali kwangu kulikuwa nusu ya kazi. Kule Songo Songo, mjomba wa bibi harusi alisimama mlangoni, mzee mwenye kanzu iliyonyooka na jicho la kutafuta kasoro. Habari za mpini wetu zilikuwa zimemfikia. Mtoto wetu akautikisa upanga, jua likacheza juu ya bapa. Mzee akanyoosha mkono, akauomba. Kaka yangu alinitazama.

Akakagua ngozi ya mpini, akapitisha kidole kwenye mifereji, akautikisa mwenyewe, tena na tena. Kisha akaguna.

"Huu wa zamani sana. Mmeuvika mpini mpya tu."

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Umefuliwa Miteja, wa juzijuzi."

"Marahaba. Muongo wewe."

Watu wakaangua kicheko, safari hii kwa upande wetu. Mlango ukafunguliwa, vigelegele vikapasua mtaa, na changu kilikuwa juu ya vyote. Nilimpigia simu fundi pale pale nikipiga kelele. Akanijibu, "Si nilikwambia?" Mtu aliyebishana nami mpaka koo likanikauka!

Kwa desturi yetu, harusi ikiisha upanga huenda kulala kwa kaka mkubwa, naye ndiye huyu wangu. Jioni, watu wakiwa bado kwenye pilau, kaka alikuja nilipokaa na wanawake wenzangu, ameushika kwa mikono miwili.

"Huu ukae kwako, dada," akasema mbele yao wote. "Na wajukuu watakapooa, waje kuuomba kwako."

Niliupokea, nikalia, na sikufuta machozi.