Majani ya Maboga na Salfa ya Mikorosho

Nikisimulia hili nacheka, lakini msidanganyike, bado linaniuma, na nalisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kusikia wengine wakilitia chumvi.

Tulipohama Rahaleo kwenda Mtawanya nikapata kipande cha kulima nyuma ya nyumba, na mimi sikuwahi kupanda hata pilipili, ila mvua ziliposhika maboga yakatambaa mpaka uani kwa jirani, basi kichwa kikavimba. Arobaini ya baba mkwe ilipokaribia nikawaambia wakwe zangu wasinunue mboga sokoni, zangu zinatosha shughuli nzima. (Wifi yangu Zuhura ananiita mke wa chipsi tangu niolewe. Nilitaka afunge mdomo, na zaidi nilitaka mama mkwe aone kwamba mwanawe hakuoa mzigo.)

Arobaini ikiwa kesho, nikakuta majani yameota unga mweupe. Mimi mtoto wa mkulima wa korosho, unga huo naujua, ni ubwiriunga, dawa yake salfa, na salfa ipo stoo, imebaki ya mikorosho ya mume wangu. Kwenda kuuliza wataalamu wa kilimo kule Naliendele niliona mbali (si mbali). Nikaifunga kwenye kitambaa, nikaitikisa alfajiri na umande wake kama baba alivyokuwa akifanya, bustani nzima ikawa ya njano, nami nikajiona bingwa. Jirani yangu, Mama Anjelina, akachungulia.

"Dada, hayo si mnakula?"

Nikamjibu nitaosha.

Nikaosha kweli, tena na tena, ila majani ya maboga yana vinyoya, na vinyoya havikuachia. Yakaungwa kwa nazi na karanga, sufuria lilipofunuliwa ikatoka harufu ya viberiti, wapishi wakanitazama, nikasema ni moshi wa kuni. Hapo ningeweza kumwaga. Sikumwaga (nimwage mbele ya Zuhura?), yakapakuliwa.

Kwenye mkeka wa wanawake aliyeanza ni mama mkwe mwenyewe, mfiwa. Akatia tonge mdomoni, akasita, akalitema kiganjani. Kisha Zuhura, taratibu kabisa:

"Wifi, kwani sisi mikorosho?"

Watu wakacheka kwenye arobaini. Wali wa marehemu ukaliwa mkavu, mboga ikafukiwa nyuma ya choo, na mimi nikajifungia chumbani nikalia kwa hasira, nyingi za kujichukia. Mama mkwe hakucheka wala hakunigombeza. Alisema, "Si kitu, mwanangu," nami nikaamini yameisha.

Sasa jani likiota unga nalichuma nalitupa, salfa haivuki mlango wa stoo, na nisilolijua naenda kuuliza hata kwa mguu. Msimu huu maboga yamekubali, majani safi, laini, na eda ilipoisha mama mkwe akaanza kuja kututembelea. Huja, hukaa, huisifia bustani yangu mbele ya majirani. Mimi hupika, hutandika mkeka, humnawisha mikono. Naye hufungua hotipoti aliyokuja nayo kutoka kwake.