Bidoni ya Mchanga ya Mama Hortense

Saa kumi na mbili asubuhi, katika kiwanja kilicho nyuma ya kanisa dogo la Nyakasanza, mjini Bunia, mashariki mwa Kongo, Hortense Kabonesa anamimina maji kwenye bidoni za njano, yale madumu ya plastiki ya lita ishirini. Anamimina kidogo, anapima kwa mizani ya kuning'iniza iliyoshikwa na kijana mmoja, anamwaga kidogo. Vijana kumi na wanne wanamsubiri huku wakipiga miayo. Mgeni angedhani ni foleni ya maji.

"Demi-bidon, nusu tu, kilo kumi, basi," anasema. "Hakuna kuongeza, hata kama mama yako alikupikia nyama jana!"

Mama huyu wa miaka arobaini na mitatu, aliyewahi kucheza mpira wa mikono, huwajenga nguvu watoto wanaocheza kandanda. Chuma cha kunyanyua hana. Ana bidoni, kamba na mti wa mkaratusi unaokaa mabegani, bidoni moja kila upande. Kila mzazi hutoa faranga elfu mbili kwa wiki, na asiye nazo huleta muhogo. Kinachomlisha hasa ni unga anaouza sokoni mchana.

Pembeni ipo bidoni moja iliyofunikwa gunia. Hakuna mtoto anayeigusa.

Leo amekuja mgeni. Jean-Claude, mfugaji wa Bogoro, amefika kwa pikipiki kumchukua mwanawe Elysée, mshambuliaji wa miaka kumi na mitano ambaye hapa hana mpinzani. Akademia moja mpya ya kandanda inamtaka. Meneja wa akademia hiyo anadai dola mia moja na hamsini, na ameahidi kwamba miezi mitatu ya vyuma vizito itampa kijana mwili wa kuonyeshwa kwa wanunuzi wa wachezaji kutoka Kampala. Jean-Claude ameshapata mtu wa kumuuzia mtamba wake mmoja.

"Mama Hortense, siye tunakushukuru sana," anasema kwa heshima. "Lakini hapa kwako mutoto iko nabeba maji tu. Kule kuko chuma. Bale ba kununua bachezaji banaangalia mabega."

Hortense anaiendea ile bidoni ya pembeni. Anaondoa gunia, anaiweka ile bidoni kando ya nyingine iliyojaa maji.

"Papa Elysée, beba kwanza hizi mbili."

Jean-Claude anacheka. Mtu aliyezoea kubeba ndama atatishwa na bidoni? Ya maji inanyanyuka vizuri. Ya pili inamvuta, bega linakwenda upande, naye anaitua haraka.

"Hii iko na nini ndani?"

"Muchanga."

Ilikuwa kiangazi, miaka mitano iliyopita. Mabomba yalikauka, akina mama wakakesha chemchemini, na Hortense akaona haya kutumia maji kwa mazoezi. Akajaza mchanga. Hapa Bunia bidoni ni bidoni, kila mtu anajua ni kilo ishirini, kwa hiyo hakupima. Kumbe kila moja ilikuwa na kilo thelathini na mbili. Kijana aitwaye Orly, wa miaka kumi na minne, alibeba mbili mabegani kwa wiki tatu. Alipolalamika kwamba mgongo unamuuma, hakusikilizwa.

"Nilimuambia, weye ni muvivu," anasema Hortense. "Kulikuwa recruteur, mutu wa kutafuta bachezaji, anakuja. Na miye nilitaka mabega yake ionekane. Ile neno inanikula mpaka leo."

Kijana anayeshika mizani asubuhi hii ndiye Orly mwenyewe. Ana miaka kumi na tisa. Anatembea vizuri, ila hawezi kukimbia. Yeye ndiye anayeandika uzito wa kila bidoni kwa rangi nyekundu.

"Papa, ule recruteur aliniona," anamwambia Jean-Claude bila kinyongo. "Aliniona nimelala chini. Akapita."

Jean-Claude anafuta viganja kwenye suruali, kisha anamgeukia mwanawe.

"Elysée. Mugongo yako inauma?"

Elysée anatazama viatu vyake.

"Kidogo, papa. Tangu Jumapili. Kule akademia balinifanyia essai, kunijaribu na chuma. Niliogopa kusema, mutaona niko muvivu."

Hortense anamshika kijana mkono, taratibu, na kumkalisha kwenye benchi.

"Leo weye haubebi kitu. Kesho tunaenda kwa munganga wa hospitali. Na siku ingine ikiuma, unasema siku ile ile. Umesikia?"

Jean-Claude anatoa simu, anasogea kando, anampigia mnunuzi. Maneno ni machache: mtamba hauzwi tena. Akirudi anaifunika ile bidoni ya mchanga yeye mwenyewe, kwa uangalifu.

Hortense ana mpango mmoja: kupata mizani kubwa ya kusimamia, ili apime watoto na siyo bidoni peke yake, kila mmoja abebe kulingana na mwili wake. Kwa Elysée amepanga miaka miwili ya mazoezi, mgongo ukipona. Kuhusu kununuliwa na timu kubwa, haahidi kitu.

"Recruteur atarudi, bale hurudi kila mwaka," anasema, akimwaga maji kidogo kutoka bidoni ya mwisho. "Miye naomba tu siku ile amukute mutoto iko nasimama."