Nilivyosugua Kaburi la Watu Ujerumani

Nakiri, mimi ndiye niliyeharibu kaburi la Myahudi huko Ujerumani, tena bila kutumwa na mtu. Usharika wetu hapa Rugu ulinichagua niwe kati ya wajumbe wa kwenda kusalimia marafiki wa kanisa huko, mimi ambaye hata mjini Kayanga hapo karibu huenda kwa kubembelezwa.

Mwenyeji wetu, mchungaji Mjerumani aliyewahi kuishi huku kwetu Karagwe, akatutembeza mtaa wa kale wa Wayahudi hadi makaburini mwao. Nikaona kaburi moja limejaa kokoto juu, na jiwe limeota kuvu hata jina halisomeki. Kwetu ukifika kaburini mikono haikai bure. Nikavua mtandio, nikapangusa kokoto zote chini, nikasugua jiwe mpaka herufi zikatoka.

Mchungaji akashika kichwa. "Mama Alinda! Kila kokoto iliwekwa na mtu aliyekuja kumkumbuka marehemu!"

Nikapiga magoti kuziokota, najua nimeuaibisha usharika mzima. Mara bibi mmoja akasogea, akasoma lile jina, akaangua kilio. Mchungaji akanitafsiria: siku tatu alikuwa akilitafuta kaburi la babu yake, na ndilo hilo. Bibi akanikumbatia, akanipa kokoto niiweke mimi mwenyewe.

Nilirudi Rugu kifua mbele. Nikamsimulia jirani yangu, Mzee Rwegasira, nikingoja sifa. Akasikiliza mpaka mwisho, akatazama mgombani kwangu, akasema: "Kaburi la baba mkwe wako limemezwa na magugu pale, wewe umepanda ndege kwenda kusugua la watu!"