Mzani wa Mama Mkwe na Kipande cha Jibini

Binti yangu Lidia ana miaka mitatu. Mwaka jana mwezi wa nane alikaa kwa bibi yake siku kumi na mbili, akalishwa mara tano kwa siku, na siku ya kumi na tatu akapandishwa kwenye mzani mbele ya watu.

Alikuwa amepungua kilo moja na gramu mia moja.

Mtoto hakuwa anaumwa. Mzani nao haukuwa mbovu. Mbovu nilikuwa mimi baba yake, na nasimulia leo kwa sababu mke wangu amesema nisiposimulia mimi atasimulia yeye, na yule akisimulia huongeza chumvi.

Naitwa Harm, mtu wa Groningen, kaskazini kabisa mwa Uholanzi. Mke wangu Mena ni wa kijiji kimoja cha milimani huko Basilicata, kusini mwa Italia. Kutoka mlangoni kwetu hadi mlangoni kwa mama yake ni karibu kilomita elfu mbili. Ukiwa na watoto wawili nyuma, ni siku mbili na nusu za mateso.

Bram wetu, wa miaka sita, alianza kuuliza kama tumefika kabla hatujamaliza mtaa wetu. Lidia alitapika mara tatu. Ya kwanza Ujerumani, ya pili kwenye foleni ya handaki la kupita chini ya mlima kule Uswisi, na ya tatu ilikuwa ndani ya kiatu changu.

Chakula tulibeba chetu. Mkate wetu, siagi ya karanga yetu, na jibini letu. Mholanzi anaweza kusahau pasipoti nyumbani, jibini hasahau. Mena kila mwaka hunicheka kwamba nabeba jibini kupeleka Italia. Namwacha acheke.

Sasa niwaambie kuhusu mabibi, maana bila wao hamtanielewa.

Bibi wa huku kwetu ni mama yangu, Geesje. Anakaa mitaa minane tu kutoka kwetu. Ukitaka kwenda kumsalimia unampigia simu wiki mbili kabla, anafungua kalenda, anakutafutia nafasi. Ukifika unapewa kahawa na biskuti moja.

Moja. Kisha kopo linafunikwa, na ule mlio wa kifuniko unajua maana yake. Nimekulia hapo na sikuwahi kuona ubaya.

Bibi wa kule ni Mama Donata, mama mkwe wangu. Kwa Mama Donata mtoto akisema ameshiba, anaguswa paji la uso kuona kama ana homa.

Mumewe, Mzee Rocco, aliuza mboga miaka arobaini. Duka lilipofungwa, mzani ulibaki. Ule mkubwa wa chuma, wa kupimia magunia ya viazi. Umekaa chumba cha chini, pale unapoingilia. Mjukuu yeyote akifika kutoka nje anapimwa hapo kabla hata hajapigwa busu. Siku ya kuondoka anapimwa tena. Kilo zinaandikwa ukutani kwa penseli, na jina na tarehe.

Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo heshima ya bibi. Siyo kwake tu, mtaa mzima uko hivyo. Jirani yake Assunta ana wajukuu Ujerumani, na wale huondoka suruali hazifungi tena.

Basi, mwaka juzi Lidia aliondoka na kilo kumi na tatu na gramu mia nne. Mama Donata akaandika, akanigeukia na penseli mkononi. Akasema mwakani mtoto akija mwepesi kuliko hapa, anakuja mwenyewe Groningen, anakaa msimu mzima wa baridi, anamlisha.

Mzee Rocco akacheka. Mimi nikacheka meno tu.

Jamani, nyumba yetu ina choo kimoja. Ngazi zake zimesimama wima. Na mimi ni mtu ambaye mama yangu mzazi ananiandika kwenye kalenda. Mama mkwe, miezi mitano?

Nikaifanya kichekesho. Kila sherehe ya kuzaliwa, tumekaa kwenye duara na kipande cha keki magotini kama kawaida yetu, nilihadithia tishio la mama mkwe, watu wakavunjika mbavu. Mena alikuwa anagawa kahawa. Yeye hakuwa anacheka, ila mimi nilikuwa naangalia waliokuwa wanacheka.

Mwezi wa pili Mzee Rocco akafariki. Tulipanda ndege, tukazika, tukarudi siku ya nne kwa sababu ya kazi na shule.

Mwezi wa sita Lidia akapata tetekuwanga. Daktari akasema mtoto mzima kabisa, amerefuka tu. Lakini usiku wa kuamkia safari nilimpima kwetu: kumi na tatu na mia tatu. Na hapo bado hajatapika.

Nikaona nimekwisha.

Kituo cha mwisho cha mafuta kabla ya kupanda mlima, Mena akampeleka Bram msalani. Nikabaki na Lidia. Kwenye kisanduku cha baridi kulikuwa na vipande viwili vya jibini, gramu mia saba kila kimoja, bado vimefungwa kwenye nailoni zake. Nje kulikuwa na joto la nyuzi thelathini na nane.

Lidia nepi ameshaacha, tunamvalisha safarini tu. Kipande kimoja nikakitia ndani ya nepi, kwa nyuma. Cha pili nikakisokomeza kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli yake. Mtoto wala hakulia. Kwa joto lile, jibini la baridi lilimfurahisha.

Tukafika. Mama Donata yuko mlangoni na nguo zake nyeusi, Assunta pembeni yake, mikono kifuani. Hakuna salamu. Lidia moja kwa moja mzanini.

Kumi na nne na mia saba.

Assunta akapiga makofi mawili ya kujilazimisha. Mimi nikajifanya nashangaa, nikasema aisee, kumbe tetekuwanga haikumfanya kitu.

Mama Donata akaandika ukutani. Kisha akamnyanyua mtoto, mkono mmoja chini ya makalio, akasimama naye pale kidogo. Akaniangalia.

"Vizuri," akasema.

Akapanda ngazi na mtoto, mimi nikaenda kuegesha gari.

Niliporudi nikakuta Lidia ameshaogeshwa na kubadilishwa. Ovaroli imetundikwa, kipande cha mfukoni kipo, nikakichukua haraka. Nepi haipo. Kipande cha pili hakipo. Nikamuuliza Mena, kama vile sina haja sana, nani amemwogesha mtoto. Akasema mama.

Nikajipa moyo. Labda nepi ilitupwa nzima bila kuangaliwa.

Siku kumi na mbili nilitafuta lile jibini. Nilichungulia jaa, nikapekua chini ya masinki, nikanusa makabati kama mbwa wa polisi. Chini ya ngazi nilijikwaa kwenye sanduku la kahawia lililofungwa kwa kamba. Nikadhani ni nguo za marehemu zinasubiri kugawiwa.

Wakati huo watoto wanakula. Asubuhi, saa nne, mchana, saa kumi, jioni. Mama Donata alikuwa anapika chakula cha watu wanane na tuko watano. Mara mbili nilimwona akiweka sahani mahali pa Mzee Rocco, kisha akaiondoa bila kusema kitu. Niliona vizuri kabisa. Nikaendelea kula.

Mama huyu kwa kawaida huongea tangu anaamka. Safari hii alikuwa kimya. Nikajiambia ni msiba.

Siku ya kuondoka, napiga mswaki, ndipo hesabu ikanijia.

Ukutani mtoto ana kumi na nne na mia saba. Kilo moja na gramu mia nne za hizo ni jibini. Na leo anapimwa tena!

Mswaki ukaniponyoka. Kipande nilichobaki nacho nilishakila siku ya tano. Nikashuka mbio nitafute hata mawe, nikakuta Lidia ameshavalishwa na bibi yake. Gauni jepesi, halina hata mfuko. Assunta ameshafika.

Mtoto akapanda. Kumi na tatu na mia sita.

Assunta akajifanyia ishara ya msalaba. Bram akauliza kama tumefika.

Nikamwangalia Mama Donata. Mwanamke amefiwa na mume miezi sita iliyopita, na sasa mbele ya jirani yake mbaya kuliko wote mzani unasema chakula chake kinakondesha watoto. Na mimi ndiye niliyefanya hivyo. Sijawahi kujichukia kama dakika ile.

Nikamvuta chumba cha nyuma, nikarudisha mlango.

"Mama, mzani haujakosea. Siku tuliyokuja nilimfunga Lidia jibini ndani ya nepi."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilimbeba, Harm. Nepi ya mtoto haina pembe nne."

Yeye akakaa juu ya kreti la nyanya, akajifuta mikono kwenye aproni ingawa ilikuwa mikavu.

"Lile sanduku chini ya ngazi ni langu. Nimelifunga tangu Pasaka. Nilikuwa naomba mtoto aje mwepesi, Mungu anisamehe. Halafu nikashika lile jibini, nikasema, kumbe mkwe wangu hanitaki kiasi hiki."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia tu kwamba anataka kuja. Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha kijinga, na kweli nilikuwa nimeuliza kitu cha kijinga. Kule bibi haombi kwenda kwa mwanawe. Bibi huitwa, kwa sababu kuna mtoto wa kulea. Anayejipeleka mwenyewe mtaa unasema nyumba yake imemshinda.

"Siku tatu nilikuwa na hasira na wewe," akasema. "Ya nne nikaona, mbona huyu mjinga amenisaidia? Nikanyamaza nikasubiri leo. Sasa Assunta ameona kwa macho yake kwamba mtoto anaisha, siku kumi na mbili za kumlisha hazimtoshi. Kwa hiyo sema polepole asikusikie, usije ukaniharibia."

Nikatoka nje. Nikasimama mbele ya mzani, mbele ya Assunta, na kwa sauti ya kusikika hadi kwa mchoma mikate nikamwomba mama mkwe wangu twende naye Groningen, mtoto anaisha, tutafanyaje bila yeye.

Akakataa. Ana kuku, ana nyanya za kukausha.

Nikaomba tena. Akakataa tena, ana kaburi la kuangalia. Assunta akaanza kukasirika, akasema kuku atawaona yeye, kaburi atalifagia yeye.

Mara ya tatu akashusha pumzi kama mtu anayepelekwa jeshini, akakubali.

Dakika nne baadaye alikuwa kwenye gari na sanduku lake. Mena alikuwa anatazama, bado hajaelewa kitu, na machozi yanamtoka tu. Baadaye barabarani akaniambia alitaka kuniomba hilo tangu tulipozika, akashindwa, kwa sababu kila sherehe nilikuwa namfanya mama yake kichekesho. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Mzani tuliufunga juu ya gari. Alikataa kuuacha.

Foleni ya handaki Uswisi, Mama Donata, ameketi katikati ya watoto, akafungua mkoba, akatoa kipande cha jibini na kisu. Mbona mnaniangalia hivyo, lilikuwa bado limefungwa nailoni, na yeye alishaliosha akalitunza kwenye friji. Akakata, akagawa. Akasema si baya, ila halina ladha.

Kule Groningen aliwashangaza watu. Majirani zetu husalimiana kwa kichwa, lakini kufika mwezi wa kumi na mbili watoto wa mtaa mzima walikuwa wanapita kwetu baada ya shule wakapimwe. Mama yangu Geesje akaanza kuja bila kupiga simu. Siku ya Krismasi alimfungulia Mama Donata kopo mara ya pili. Nilishuhudia kwa macho yangu, biskuti ya pili. Ndugu zangu hawaniamini mpaka leo.

Choo bado ni kimoja. Tumezoea.

Mwezi wa tatu, jua limeanza kutoka, Mama Donata akasema mtoto akishapona yeye atarudi kwake. Akamwita Lidia, akampandisha mzanini kando ya jiko, sisi wote tumesimama.

Lidia amekuwa tikiti maji, mashavu yamefunika macho. Mena ananiangalia.

Nikasogea taratibu, kama naangalia namba. Nikapitisha ncha ya kiatu chini ya sahani ya mzani, nikainyanyua.

Mama Donata akasoma namba. Akashusha macho, akakiona kiatu.

"Eeh," akasema, "bado mwepesi huyu."

Akaenda kubandika maji ya tambi.

Ninachowaambia ndugu zangu ni hiki: ukiwa na mzazi huko aliyebaki peke yake, usisubiri aseme anataka kuja, maana hatasema. Mwite wewe. Mwite mbele ya majirani, akikataa mwite tena, na akikataa tena mwite ya tatu. Na jibini kuleni.